Herufi K Chini ya Kofia

Kosa langu la kwanza kazini lilisomwa na kanisa zima kwa sauti moja. Ilikuwa mwaka wa sitini na nne, nami mgeni kabisa katika chumba cha kupigia chapa nyuma ya kanisa, Mji Mkongwe. Nilipewa kupanga karatasi ya ibada ya Jumapili, yenye kichwa cha neno moja nene: PENDANENI. Jana yake nilikuwa nikirudisha herufi katika sanduku lao, na kwa kuwa akili ilishatangulia nyumbani kwenye wali, nikamwaga O chache katika kijumba cha E. Kulipokucha nikapanga bila ya kutazama, kama fundi wa miaka mingi. Karatasi ikatoka: PONDANENI.

Waumini wakasimama, wakasoma. Wazee wawili waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya funguo za kabati la vitabu wakatazamana kama watu waliopata ruhusa. Baada ya ibada nikaitwa.

"Haji!"

"Naam, Baba Mchungaji."

"Ni wewe uliyepanga hii?"

"Ni mimi."

"Usihuzunike. Tangu nifike kisiwani hapa, hii ni amri ya kwanza ambayo nimeona wana hamu ya kuitii."

Huyo ndiye Mchungaji Nikodemo, Mprotestanti kutoka bara. Nyinyi vijana mliobaki kazini mmeniomba niandike mambo ya zamani kwa kuwa mmesikia alikuwa mtu mkubwa, mtetezi wa wanyonge, na mimi ndiye wa mwisho niliyepanga maandishi yake kwa mkono. Nitaandika. Lakini mkitaka sanamu ya kuwekea mashada, nendeni kwa wachonga mawe. Vyeo vyangu navipita kwa kuwa havikuwapo. Mshahara naupita kwa heshima ya marehemu mama, aliyekuwa akiusitiri mbele ya wageni.

Kazi ile niliichagua kwa sababu moja tu: ilikuwa karibu na nyumbani. Wenzangu tuliomaliza nao sekondari walitafuta kazi zenye safari, mmoja akaenda kuwa karani Matemwe, mwengine akavuka maji. Mimi nilitafuta kazi ambayo nikiwa mlangoni pake nasikia harufu ya mchuzi wa kwetu. Kwamba ni ya kanisa na mimi ni Mwislamu, hilo halikumshughulisha mtu isipokuwa jirani yetu Bi Zuhura, aliyekuwa kila nikirudi akiniuliza barazani, "Leo umepanga nini, yakhe? Dhambi zetu au zao?"

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Simai, mtu wa Makunduchi, mkavu kama ngozi ya ngoma. Naye Mwislamu. Adhuhuri alitandika mkeka nyuma ya mashine akaswali, na Mchungaji akija kuulizia karatasi zake husimama pale mpaka Fundi atoe salamu ya mwisho. Somo lake la kwanza halikuwa na maneno mengi.

"Soma hii," akanipa kijiti cha chuma kilichopangwa herufi za madini ya risasi.

Nikatazama. Herufi zote zimegeuka, neno linaanza kwa nyuma.

"Siwezi, Fundi."

"Huwezi kwa kuwa unasoma kama mtu mwenye haki. Soma kama mwivi, kwa kinyumenyume."

Nikajifunza kusoma kama mwivi. Hata leo nikipewa gazeti huligeuza kwanza, wajukuu wakacheka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nyinyi hamtalijua, maana kwenye hivyo vioo vyenu vya mwanga herufi haziishi. Zetu zilikuwa zikiisha. Risasi zile zilikuja kutoka Uingereza, zimegaiwa kwa kadiri ya Kiingereza. Za e tulikuwa nazo za kulisha mtaa. Za q na x zilikaa vijumbani mwao kama wageni wa heshima, hapana anayewagusa. Lakini Kiswahili ni lugha inayokula a asubuhi, mchana na jioni, na kwa k na w ndiyo hatari tupu. Unapanga ukurasa, unafika "wakakumbuka", umefilisika. Upungufu wa u tuliuweza, n ukiipindua juu chini inakuwa u, na mwenye macho mabovu hajui. K haina ndugu. Ikiisha imeisha, mpaka ukurasa mmoja upigwe chapa, uvunjwe, herufi zioshwe kwa mafuta ya taa na zirudi sandukuni.

Mchungaji alikuwa mtu wa maneno marefu. Akija na mahubiri kurasa kumi, Fundi Simai anaziangalia kama mnunuzi wa samaki.

"Baba Mchungaji, hii haitoki. K hazitoshi."

"Hazitoshi wapi?"

"Hapa umeandika 'hakika kila mkristo akumbuke kukesha akikesha.' Akeshe mara moja tu inatosha."

Basi anakaa juu ya kigoda na kalamu, anakata. Baadaye watu wakasifu jinsi anavyoandika kwa mkato. Mkato wenyewe ni huo.

Na aliandika, wallahi aliandika. Hapana baya la kisiwa hiki ambalo hakulitolea kijitabu. Aliandika juu ya ulevi, juu ya visima kuwachwa wazi, juu ya watoto wa masikini kubebeshwa mizigo. Aliandika kimoja kiitwacho *Baba, Shika Ufagio*, cha kuwahimiza waume wasaidie wake zao, na siku nilipompelekea nyumbani karatasi za kusahihisha nilimkuta ameinua miguu juu ya kiti ili mkewe afagie chini yake. Aliandika *Ukweli Mbele ya Wakubwa*, kisha akaja akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba hilo neno "wakubwa" la jaladani tulitie herufi ndogo kidogo. Kwenye karatasi alikuwa simba. Akiinuka kwenye kiti anakuwa paka wa sokoni, anatazama kwanza nani ana kijiti.

Nisimwonee. Mimi hata kwenye karatasi sikuwa simba. Mimi nilikuwa nikitazama saa.

Mwenye kijiti katika kanisa lile alikuwa Mzee Gidioni. Alikuwa mzee wa kanisa, anakaa kiti cha mbele, na alikuwa mfanyabiashara mwenye jamaa bandarini. Miaka ile vitu vilianza kuadimika, karatasi nayo ikaadimika, na karatasi zetu zote zilikuja kwa mkono wake. Akikohoa, mashine inasimama.

Mdogo wake alikuwa mchukuzi wa bandarini, mtu mpole, mume wa Bi Tabitha. Na Bi Tabitha tulikuwa naye sisi, katika chumba chetu cha chapa. Yeye ndiye aliyekuwa akikunja karatasi, kuzishona kwa uzi na kuzitia gundi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya haraka, na ulimi wa haraka kuliko mikono. Alikuwa akivisoma vijitabu vyote huku anashona, na kila akimaliza kimoja hutoa hukumu. "Hiki kizuri. Hiki Baba Mchungaji aliandika ana njaa."

Mume akapata homa, akafa. Tukazika, Bi Tabitha akakaa siku za mwanzo za matanga, kisha akarudi kazini na kitambaa cheusi kichwani, anashona. Siku ya pili ya kurudi kwake Mchungaji akaingia, na yeye akamwambia bila ya kuinua macho:

"Baba, marehemu kaacha kitanda, baiskeli na mimi. Shemeji Gidioni jana kaja kuangalia. Kitanda kakitikisa. Baiskeli kaipiga kengele. Nnangojea zamu yangu."

Fundi Simai akaacha kupanga. Mimi nikacheka, kisha nikaona hapana mwenzangu anayecheka.

Ndipo nilipoelewa. Kwao bara, kwa mila za ukoo wao, ndugu wa mume humrithi mjane pamoja na vilivyomo nyumbani. Mzee Gidioni alikuwa na mke na kiti cha mbele kanisani, kwa hiyo hakuliita kuoa. Aliliita "kumtunza". Siku ya kumaliza matanga ukoo ungekaa, mjane angeulizwa kwa adabu, angeitikia kwa adabu, na vyumba vyake viwili vya Ng'ambo, upande wa pili wa mji, vingeingia katika matunzo pamoja naye. Asipoitikia, vyumba ni vya ukoo na yeye ni wa barabarani. Sisi Waislamu mjane hukaa eda yake, na ikiisha amri ni yake. Hivyo ndivyo tunavyosema, na nimeona majumba ambayo hivyo hasa sivyo. Sina la kujitapia.

Mchungaji akatoka. Baada ya siku chache akaja na kijitabu kifupi kupita vyote alivyowahi kuandika, na jina lake likaninyanyua kigodani: *Mjane si Kitanda*. Hapana hata palipohitaji kukatwa. Ndani mlikuwa na maneno haya, nayakumbuka kwa kuwa niliyapanga mimi: "Mjane si kitanda, aondoke na chumba. Ana nafsi. Mume amefariki, si yeye. Aulizwe, na asemalo liwe." Bi Tabitha akasoma pruufu, ile karatasi ya kusahihishia, akaisoma tena, akasema tu, "Hiki aliandika ameshiba." Akaenda kukata uzi.

Kurasa zote zilikuwa zimesimama mezani tayari kwa chapa, siku Mzee Gidioni alipoingia na Mchungaji nyuma yake. Nasema nyuma yake, angalieni.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Kijana, ukurasa ule wa mjane una marekebisho." Akanipa karatasi. "Mchungaji kakubali."

Nikamtazama Mchungaji. Alikuwa akitazama dirisha, ambalo lilikuwa limefungwa.

Nikaisoma. Imeandikwa: "Mjane akubali kukaa katika ukoo, akikaribishwa kwa wema, akikumbuka kwamba kukataa ni kukosa shukrani." Nikamuona Bi Tabitha pembeni, sindano imesimama hewani.

Msidhani nilikuwa na ushujaa. Lililonijia kwanza ni hasira ya kivivu: ukurasa ule nilishaupanga, na sasa niuvunje niupange upya, wakati kwetu siku hiyo kuna pweza. La pili lililonijia ni zile k. Lo! Sentensi ile ilikuwa k tupu, kama imeandikwa na mtu aliyekwamwa na mwiba kooni. Sandukuni zilibaki chache, za kutosha kwa tabu. Mzee na Mchungaji walipomgeukia Fundi Simai, nikaingiza mkono katika kijumba cha k, nikazichota zote, na kwa kuwa suruali yangu ilikuwa imetoboka mifuko, nikazitia katika kofia, nikavaa.

"Haiwezekani, Mzee," nikasema. "K hakuna."

"Hakuna nini?"

"Herufi k. Zote zimo kurasa nyengine."

Mzee Gidioni akamgeukia Fundi. Fundi Simai akalifuata sanduku, akatazama kijumba kitupu, akatazama kofia yangu ilivyokaa, kisha akasema kwa sauti ya msibani, "Kweli hakuna. Kama Mzee anataka, tumwagizie Uingereza."

"Basi andikeni bila ya k!"

"Mjane *a'ubali 'u'aa?*" akauliza Fundi Simai. "Watasema Mzee ana kigugumizi."

Nikainama ili nisicheke. Hapo ndipo risasi moja ilipodondoka kofiani, ikagonga meza, tii, ikalala mbele ya Mchungaji. Ilikuwa k. Mzee Gidioni alikuwa bado ameukazia macho uso wa Fundi. Mchungaji akaiona. Akanitazama mimi. Kisha, pole pole, kama mtu anayetafuta leso, akaifunika kwa kiganja na kuitia mfukoni mwa kanzu yake.

"Basi, Mzee," akasema, "tuiache hivyo hivyo kwa toleo hili. Toleo lijalo tutaangalia."

Toleo hilo la marekebisho halikuwapo kamwe. Katika miaka yote niliyomjua, mwandishi wa *Ukweli Mbele ya Wakubwa* nilimuona akitenda jambo moja la hatari, nalo lilikuwa kuiba herufi. Na mimi nilikwenda nyumbani na risasi kichwani, kichwa kinauma, pweza amepoa.

Siku ya kumaliza matanga ilibidi nivuke Ng'ambo. Kwangu mimi Ng'ambo ilikuwa safari, nilivaa viatu vya kufunga. Fundi Simai akanitania njia nzima, ati nimeaga kwetu? Uani kwa Bi Tabitha kulijaa watu. Wanaume wa ukoo wako juu ya mabenchi, wanawake chini kwenye majamvi, Mchungaji katikati na Biblia magotini. Akasali vizuri sana. Kusali aliweza.

Mzee Gidioni akasimama, akamsifu marehemu, akaisifu damu, akasema ukoo hautupi mtu. "Sasa, shemeji, ni ada tukuulize. Mimi niko tayari kukutunza wewe na vyote vya ndugu yangu. Wasemaje?"

Bi Tabitha akasimama. Mkononi ana kijitabu.

"Mimi sina maneno yangu, shemeji. Namwomba Baba Mchungaji anisomee haya, kayaandika yeye."

Ua wote ukamgeukia. Mchungaji akakipokea kijitabu, akakigeuza, akajipapasa kifua.

"Miwani," akasema. "Nimeisahau nyumbani."

Alikuwa ameivaa. Niliiona mimi, aliiona Fundi, waliiona watu wote, hata kuku wa pale uani nadhani waliiona. Mwanamke mmoja kwenye jamvi akasema, si kwa sauti ndogo, "Na hiyo iliyopanda puani ni nini, nzi?" Watu wakacheka kwa kujibana, kama wanavyocheka matangani.

Bi Tabitha hakucheka. Akakichukua kijitabu mkononi mwa Mchungaji, akasoma. Alisoma bila ya kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu anayesoma bei. Alipofika "na asemalo liwe" akakifunga.

"Hayo ni ya kitabuni," akasema Mzee Gidioni.

"Najua, shemeji. Nimekishona mwenyewe." Akageuka kwa wanawake. "Haya, jamani."

Wanawake wakainuka, wanne hivi, wakaingia ndani. Tukasikia mvutano, ukuta ukagongwa, mtu akasema "inua kwako, wee, inua kwako!" Wakatoka na kitanda. Kitanda kizima cha mvule, na godoro juu yake, na baiskeli ikafuata inasukumwa. Wakakitua mbele ya Mzee Gidioni.

"Shemeji, urithi wako huo. Kitanda ni cha ndugu yako kweli, na baiskeli. Lakini mimi si kitanda. Mimi nabaki ndani ya vyumba vyangu."

Mzee mmoja wa ukoo, mkongwe, mkubwa wao wote, akapiga paja. "Kaulizwa, kajibu," akasema. "Gidioni, chukua kitanda chako."

Na ndipo Mchungaji Nikodemo alipopata sauti. Akasimama, akaikunjua kanzu, akatangaza, "Ndiyo, ndugu zangu, hayo ni maneno yangu mimi!" Alikuwa shujaa mkubwa wa jambo lililokwisha. Mzee Gidioni akaita mkokoteni wa hamali, akaufuata nyuma na baiskeli mkononi, hakuipanda. Karatasi zetu zikakatika kwa muda mrefu, tukapiga chapa nyuma ya kalenda kuukuu. Vyumba viwili vilibaki kwa Bi Tabitha.

Kijitabu kikatembea. Kilifika bara, kikasomwa makanisani, kikaombwa tena na tena. Mwanzoni mwa miaka ya sabini Mchungaji alipohamishwa, siku ya kumuaga walisimama watu watano kusimulia jinsi alivyomwokoa mjane wa Ng'ambo kwa kalamu yake. Yeye alikaa mbele, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, anasikiliza. Bi Tabitha alikuwa jikoni anapakua wali wa hafla. Baada ya hotuba Mchungaji alikuja kunipa mkono, akaacha kitu kiganjani mwangu. Ilikuwa ile k. Sikujua kama ananishukuru au anarudisha mali ya kanisa.

Na mimi? Kwa miaka nimeisimulia hadithi hii kila barazani waliponipa kahawa, na kila nikiisimulia k zinazidi kuwa nyingi na kofia inazidi kuwa nzito. Bi Tabitha alishona nasi mpaka macho yakamkataa, na siku zote nikisimulia mbele yake alikuwa akiendelea na uzi wake, hatii neno. Nikamchukulia kuwa ameridhika.

Juzi, baada ya kustaafu, niliandika kurasa hizi nikatoka nazo barazani, nikamsomea Bi Zuhura, mzee sasa, hasikii vizuri ila anachotaka. Nikamsomea k, nikamsomea miwani, nikamsomea kitanda kinatoka mlangoni. Hakucheka hata mara moja. Nilipomaliza alisogeza kanga begani, akasema:

"Mmoja kaiba herufi, mmoja kaficha miwani, na nyote mpaka leo mnajisifu. Yule mwanamke usiku ule, kitanda kishachukuliwa, alilala wapi, kuna aliyemuuliza?"